Pua ya Tiurma

Pale bandarini Belawan, kwenye matangi ya mafuta ya mawese, pampu iliwashwa kwa neno. Mkaguzi alipanda ngazi ya tangi na chupa zake, akavuta mafuta ya juu, ya katikati na ya chini, akadondosha tone kiganjani, akasugua, akanusa, akalamba. Kisha akasema, "Safi." Hapo ndipo jamaa wa pampu walipoinuka kivulini na kuanza kazi. Karatasi zilifuata baadaye na mihuri yake, lakini hakuna aliyezingoja. Walichongoja wote ni lile neno moja.

Kwa miaka tisa sasa, neno hilo lilikuwa la Tiurma Simanjuntak. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini na sita, mwenye mabuti makubwa kuliko miguu yake na pua iliyosifiwa mpaka mjini Medan. Siku moja walimfunga macho, wakampa vikombe kumi vya mafuta, naye akataja kila kimoja kimetoka tangi gani, na cha mwisho akasema kimeoshwa kwa sabuni na hakikusuuzwa vizuri. Aliyemfundisha ni mjomba wake, Parlindungan Manurung, kaka wa marehemu mama yake, msimamizi wa matangi yote ya pale. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyemsomesha, na ndiye aliyemshika kiganja akiwa na miaka kumi na miwili, akamdondoshea tone la mafuta na kumwambia, "Usiniambie unachofikiri. Niambie unachonusa."

Kwa Wabatak, kabila lao, mjomba si mtu wa kubishana naye. Baba unaweza kumnunia wiki nzima na maisha yakaendelea, lakini mjomba ndiye mwenye baraka, na baraka yake hutolewa kwa samaki: samaki mzima, wa manjano kwa viungo, anayewekwa mbele yako kwa mikono miwili, kichwa kikikuelekea. Wewe nawe humpelekea nyama ya nguruwe. Nyama inakwenda, samaki anarudi. Ukipeleka nyama na samaki asirudi, basi umekatwa, na ukoo mzima umeona.

Jumamosi ile ilikuwa karamu ya Mjomba Manurung ya kustaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Nguruwe alishanunuliwa, wapiga ngoma walishaambiwa, na Tiurma, ambaye hana mama, hana kaka, hana ndugu mwingine wa upande ule, angesimama mbele ya watu wote na kupewa samaki wake. Mambo haya yalitokea Alhamisi, siku mbili kabla.

Asubuhi hiyo alifika mapema, akaingia kibandani kwa Mama Rukiyem kunywa kahawa. Meli ilikuwa gatini tayari, ikingoja mafuta ya tangi namba saba, tani elfu tatu za mafuta ya kupikia. Upakiaji ungeanza saa tisa alasiri. Tiurma akavuta kiti, na kiti chenyewe kilikuwa pipa la buluu lililopinduliwa. Akatazama pembeni akaona mapipa mengine matatu kama hilo, yote mapya, kila moja na kitambaa cha maua juu yake.

"Mama, naona umepanua hoteli," akamtania.

"Ninapanuliwa, mwanangu," Mama Rukiyem akajibu huku akimenya ndizi za kukaanga. "Waruwu wa boila ananiletea. Kila baada ya wiki tatu napata kiti kipya. Mwaka jana nilikuwa nakalisha wateja kwenye matofali."

Tiurma aliinama akasoma maandishi ubavuni mwa pipa. Lilikuwa pipa la mafuta ya boila.

Mafuta ya mawese yakipoa huganda, kwa hiyo ndani ya kila tangi hupita bomba refu lililojikunja mara nyingi. Ndani ya bomba hilo huzunguka mafuta mengine, ya mitambo, yanayochemshwa kwenye boila, yakaenda tangini kupasha joto na kurudi yalikotoka. Hayo hayaliwi. Na hayapungui pia, kwa sababu njia yake imefungwa pande zote. Yakishajazwa, pipa moja la akiba lingetosha mwaka na likabaki. Sasa hapa palikuwa na mapipa manne yaliyoisha tangu mwezi wa pili, na wateja wa kahawa walikuwa wameyakalia wakila ndizi.

Hakumaliza kikombe. Alikwenda moja kwa moja kwenye boila, kwa Waruwu, mtu wa kisiwa cha Nias, mpole, asiyependa maneno. Akamwomba daftari. Lilikuwa daftari zuri, lenye mistari iliyopigwa kwa rula. Kila asubuhi na kila jioni Waruwu alikuwa ameandika kimo cha mafuta kwenye kioo cha tangi dogo la akiba, na kila siku, pembeni yake, neno lilelile: imeongezwa, imeongezwa, imeongezwa.

Alipomuuliza kwa nini anaongeza, Waruwu alisema kwa sababu yanapungua. Alipomuuliza kwa nini yanapungua, alisema msimamizi Manurung alimwambia yanakauka kwa joto.

"Yanakaukia wapi, kaka, na bomba limezibwa kila upande?"

Waruwu akajikuna shingo. "Mimi nilidhani mkubwa anajua. Mimi naandika tu."

Hilo ndilo linaloudhi mpaka leo ukilisimulia. Halikufichwa. Liliandikwa mara mbili kwa siku kwa mwandiko wa kupendeza, likatiwa sahihi kila Ijumaa, na kila aliyelisoma aliona kwamba kwa kuwa limeandikwa, basi limeshughulikiwa.

Tiurma akapanda tangi namba saba. Akavuta mafuta ya juu, ya katikati, ya chini. Akadondosha tone kiganjani, akasugua mpaka likapata joto, akalisogeza puani. Alinusa mara tatu. Akalamba. Hakukuwa na kitu. Mafuta yalikuwa matamu, mepesi, hayana harufu ya chuma wala ya moshi wala ya dawa. Pua yake ilimwambia safi, na kwa mara ya kwanza maishani hakuiamini. Mafuta yale ya mitambo hayana harufu, hayana rangi, hayana ladha. Yakiingia kidogo kidogo, hata mbwa hawezi kuyagundua. Lakini mwilini mwa mtu yanakaa, na mtoto anayekula chakula cha kukaanga kila siku ndiye wa kwanza kuyalipia kwa ini lake.

Chini jamaa wa pampu walikuwa wamenyanyua nyuso. Kinywa chake kikafunguka, neno halikutoka. Akashuka.

Meneja alikuwa anamngoja kwenye ngazi ya mwisho. Gunardi alikuwa bwana wa kola nyeupe, ambaye aliwaita wanawake "dada" alipowahitaji na "huyu" alipokwisha kuwahitaji. Alimwita dada. Tiurma akamweleza yote bila kuzungusha: mapipa, daftari, bomba la ndani ya tangi namba saba ambalo kwa vyovyote limetoboka. Akasema tangi lisifunguliwe mpaka lipimwe maabara.

Gunardi alicheka kicheko cha mtu anayetazama saa. "Dada Tiurma, una mafua leo?"

"Sina mafua, bosi. Pua inasema safi."

"Basi mbona hatusikii?"

"Kwa sababu sasa hivi pua haina kazi hapa."

Kicheko kikamwisha. Alisema meli haiwezi kungoja maabara, kwamba watu wote pale wanaheshimu pua yake, na kwamba mkaguzi anayeanza kukagua mapipa ya mama wa kahawa badala ya mafuta amechoka na apumzishwe. Tiurma alimjibu kwamba apumzishwe tu, ila neno hatalitoa. Gunardi akamtuma mtu akamwite Manurung.

Mjomba alikuja taratibu, mkono nyuma, kofia yake ya kazi imeng'arishwa. Alikuwa mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizochanwa kwa maji, na wafanyakazi walimpisha njia kama kawaida. Tiurma alimwinamia kidogo, kama anavyopaswa. Gunardi alipomaliza kumweleza, mzee aliitwaa chupa mkononi mwa mpwa wake, akadondosha tone, akasugua, akanusa huku amefumba macho. Akalamba.

"Safi," akasema.

Jamaa wa pampu wakaanza kuinuka. Tiurma akainua mkono, nao wakabaki katikati, hawajui wakae au wasimame. Mjomba akamtazama. Hakuna hata mtu mmoja pale aliyewahi kuona Mbatak akimzuia mjomba wake hadharani, na wengine waliangalia pembeni kwa aibu ambayo haikuwa yao.

Mzee akaligeuza jambo hilo kuwa mzaha. Akaichukua chupa nzima mpaka kibandani, akamwambia Mama Rukiyem aoshe kikaango, amimine mafuta yale, akaange ndizi. Watu wakakusanyika. Ndizi zilipoiva akala moja, akala ya pili, akala ya tatu, moto moto, akijipepea mdomo. Wakati wote alikuwa amekaa juu ya pipa la buluu. Alipofika ya tano akafuta vidole kwa leso na kuuliza kama kuna mwenye swali, na watu wakampigia makofi. Mama Rukiyem peke yake hakupiga. Alikuwa ameinama, anasoma maandishi ya viti vyake.

"Umekula, mjomba," Tiurma akasema. "Umekula na hujaanguka. Mtoto naye hataanguka leo. Ataanguka baada ya miaka, na hatakumbuka hata ndizi."

"Unamwambia nani maneno hayo?"

"Nakwambia wewe. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi."

Hakushusha macho. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya Jumamosi. Aliiona sahani mbele yake, tupu. Mjomba naye alijua anawaza nini, kwa sababu aliondoka akisema kwa sauti ya kusikika kwamba wapo watu wanaosomeshwa mpaka wanasahau nani aliyewashika mkono.

Gunardi akapiga simu Medan, kwa mkuu wa kampuni ya ukaguzi iliyomwajiri Tiurma. Akampa simu. Mkuu hakufoka, alimbembeleza. Alisema atie sahihi tu, halafu aandike wasiwasi wake chini, kwenye sehemu ya maoni, ili kila mtu awe salama.

"Kila mtu nani, mzee?" Tiurma akamuuliza. "Anayekaanga ndizi haoni maoni ya chini."

Mkuu akamwambia kwamba kama hawezi kazi, kuna wakaguzi wengine mjini. Tiurma akamwambia ni kweli, wapo, na akamrudishia Gunardi simu yake.

Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kazi yake kabisa. Kuweka lakiri, ule mkanda wa kuzuia vali isifunguliwe, kwenye mdomo wa tangi ilikuwa haki ya mkaguzi, lakini mambo ya boila hayakumhusu. Yeye alikwenda huko. Akafunga vali mbili za bomba la tangi namba saba, ya kuingilia na ya kutokea, akizizungusha kwa mikono miwili mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Matangi mengine aliyaacha yaendelee kupashwa joto. Akatoa lakiri za plastiki zenye namba, akafunga kila vali kwa lakiri yake. Tangi la tani elfu tatu haligandi kwa nusu siku, hata Waruwu alijua hivyo. Halafu akachukua chaki, akapiga mstari kwenye kioo cha tangi dogo, usawa wa mafuta.

"Kaka, kwa kawaida kuanzia sasa mpaka saa tisa huwa yanashuka kiasi gani?"

Waruwu aliangalia mlango kwanza. "Kidole kimoja."

"Kila siku?"

"Tangu mwezi wa pili, kila siku."

"Haya. Leo usiongeze kitu. Kama yakishuka, tundu liko kwingine, na mimi nitaondoka hapa na kumwomba kila mtu radhi. Yasiposhuka, tundu liko tangi namba saba."

Akarudi kwenye mdomo wa tangi, pale mafuta yanapotokea kwenda gatini, akautia lakiri nao. Akavingirisha pipa moja kutoka kibandani, akalikalia mbele ya vali. Jua lilikuwa kali. Maji ya bahari yalipanda barabarani kama kila mwezi unapokuwa mpevu, malori yakapita yakirusha matope, na yeye hakuondoka hata kwenda kula. Mama Rukiyem alimletea wali kwenye jani la mgomba. Alisema mafuta yake ya kukaangia leo kayamwaga yote mtaroni, na kama meneja anataka hoteli akaanze ya kwake.

Saa nane na nusu liliingia gari jeupe. Ndani yake alikuwamo mkaguzi mwingine, aliyeitwa na Gunardi, tayari na karatasi mapajani. Hakushuka. Alikaa ndani, kioo juu, kiyoyozi kinavuma, akingoja lakiri ziondolewe ndipo atie sahihi yake. Na wa kuziondoa ni msimamizi wa matangi.

Saa tisa kasoro kidogo Mjomba Manurung akaja na mkasi wa chuma. Nyuma yake Gunardi, na nyuma ya Gunardi karibu wafanyakazi wote wa pale.

"Ondoka hapo, binti," mzee akasema.

"Siondoki."

"Mimi ni mjomba wako."

"Ndiyo maana siondoki. Angekuwa mtu mwingine ningekwenda kumshtaki. Wewe nimekukalia njiani."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mzee akapeleka mkasi pembeni ya bega la mpwa wake, akakata lakiri. Ikadondoka. Tiurma akaingiza mkono mfukoni, akatoa nyingine, akaifunga palepale, akasoma namba yake kwa sauti. Mzee akakata. Tiurma akafunga ya tatu, akasoma namba. Hakupiga kelele, hakumsukuma, hakumgusa hata kidogo, maana hilo lisingesameheka. Mzee akakata ya tatu. Ikaja ya nne.

"Unazo ngapi?" mjomba akauliza. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Sitini. Na zikiisha nitatumia kamba za mabuti."

Waruwu akatokea upande wa boila. Mtu huyu aliyechukia maneno alisimama mbele ya meneja, mbele ya msimamizi na mbele ya watu wote, daftari mkononi. "Hayajashuka," akasema. "Mstari wa chaki na mafuta viko sawasawa. Ni siku ya kwanza tangu mwezi wa pili."

Gunardi akamwambia arudi kwenye kazi yake. Waruwu akasema hii ndiyo kazi yake, na kwamba ameshaandika.

Watu walianza kunong'ona. Wengi wao walikuwa na wake zao nyumbani wanaopikia mafuta yaliyopita kwenye mabomba yale. Mmoja alimuuliza mwenzake kama madumu waliyogawiwa Pasaka hayakutoka tangi namba saba.

Mzee Manurung alikuwa bado ameshika mkasi umefunguka, lakiri ya nne katikati ya makali yake. Gunardi akamwambia akate. Akamwambia tena. Akamkumbusha kwamba kesho ni siku yake ya mwisho, na kwamba ofisi imemwandalia sherehe, saa ya mkononi na hotuba, na ingekuwa vibaya yote hayo yakaharibika kwa sababu ya mpwa mkaidi.

Mzee akauondoa mkasi kwenye lakiri, akaufumba bila kukata.

"Nilijua," akasema. Alisema kwa sauti ndogo, kisha akarudia kwa nguvu ili hata aliye ndani ya gari asikie. "Nilijua tangu mwezi wa tatu. Bomba hilo nililichomelea mimi, nikiwa kijana. Nilisema nikishaondoka watalifumua, watalibadilisha, halafu hakuna atakayejua ni la nani. Nikamwambia Waruwu yanakauka."

Alinyoosha kiganja mbele ya Tiurma. Yeye hakuelewa mara moja. Kisha akatoa lakiri ya tano mfukoni, akampa, na mzee akaipitisha kwenye vali kwa vidole vyake mwenyewe, juu ya ile ya nne, akaivuta mpaka ikalia. Akasoma namba.

"Hii ni ya kwangu," akamwambia Gunardi. "Anayetaka kuikata, aje na mkasi wake."

Gari jeupe likarudi nyuma polepole, likageuka, likatoka getini likirusha maji. Hakuna aliyemwona mkaguzi yule uso.

Tiurma akasimama, akataka kusema kitu. Mjomba akamzuia kwa mkono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umenivua nguo mbele za watu, binti," akasema, akaenda zake.

Maabara ilijibu kesho yake, na jibu lilikuwa lile alilolisema Tiurma. Mafuta ya tangi namba saba hayakuingia kwenye meli wala kwenye sufuria ya mtu. Yale yaliyokuwa yametoka tangu mwezi wa pili walianza kuyafuatilia, na kazi hiyo ilichukua muda na haikuisha vizuri. Sherehe ya ofisi ilifutwa. Saa ya mkononi alipewa mwingine. Tiurma alisimamishwa kazi mwezi mmoja kwa kushika vali za boila zisizomhusu, akaenda nyumbani na mabuti yake, akalia mchana kutwa, na alipomaliza kulia akaanza kukuna nazi.

Alikuna nazi arobaini. Majirani wakamuuliza anataka kumlisha nani, akaendelea kukuna. Akakamua, akachemsha tui mpaka likatoa mafuta, akayachuja kwa kitambaa. Jumamosi asubuhi akakaanga nyama ya nguruwe, ile aliyokuwa ameambiwa, kabla mambo hayajaharibika, kwamba aipeleke. Hakuna aliyekuwa amemwambia aende. Hakuna aliyekuwa amemwambia asiende.

Karamu ilikuwepo, kwa sababu nguruwe hakuweza kurudishwa, lakini ilikuwa karamu ya watu wanaozungumza kwa chini. Ngoma zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Tiurma alipoingia na sinia lake kichwani, hata mazungumzo hayo ya chini yakakoma. Shangazi mmoja alisema wazi kwamba wengine uso wao ni mkavu. Tiurma alipita katikati ya mikeka akiwa amenyoosha shingo. Kama ni kukatwa, alitaka akatwe mbele yao wote, amesimama, wala si kwa kujificha nyumbani.

Akapiga magoti mbele ya mjomba, akaweka sinia. Mzee alikuwa amekaa na shuka ya heshima begani, hana kofia ya kazi. Pembeni yake palikuwa na samaki wakubwa wa manjano, wamepangwa kwenye sahani, kila mmoja na mtu wake. Tiurma hakuthubutu kuwahesabu.

Mjomba akachukua kipande kimoja cha nyama. Hakukila. Alikisugua kidogo kwa kidole gumba, akakisogeza puani, akafumba macho, kama alivyofanya miaka thelathini na mmoja juu ya matangi. Akafumbua macho.

"Pua haitoshi," akasema. "Mafuta haya yametoka tangi gani?"

Tiurma alimtazama usoni, akaona kona ya mdomo inacheza.

"Hayakutoka tangini, mjomba. Ni ya nazi. Nimekuna mwenyewe, nimekamua mwenyewe, na sufuria nimeisuuza mara tatu."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Njoo uone vidole vyangu."

Akamwonyesha. Vilikuwa vimechubuka vyote. Mzee akavishika, akavitazama kimoja kimoja kama mtu anayesoma namba za lakiri, na mtu wa kwanza kucheka ndani ya nyumba ile alikuwa Waruwu, kwenye mkeka wa nyuma kabisa. Mjomba akatia nyama mdomoni, akatafuna, akameza. Kisha akanyanyua sahani kwa mikono miwili, akaigeuza taratibu, akaiweka chini, kichwa cha samaki kikimwelekea Tiurma.